Mtoto wa dada yangu kaambiwa ana moyamoya ila kipimo cha jeni kinasema hana, tuamini kipi?

mjomba_mtu

Habarini humu ndani, naomba wenye uelewa wa mishipa ya damu au mambo ya vinasaba wanisaidie maana nimesoma mpaka usiku wa manane na kadiri ninavyosoma ndo nazidi kuchanganyikiwa.

Binti wa dada yangu ana miaka saba. Tangu mwaka jana akilia sana mkono wa kulia unalegea, hashiki kitu, maneno yanakuwa mazito mdomoni, halafu baada ya dakika kumi hivi anarudi sawa kabisa kama hakuna kilichotokea. Sisi nyumbani tulijua anadeka. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia aache maigizo na hilo neno linanichoma mpaka leo. Baadaye tukaambiwa ni kifafa, akapewa dawa, hali ikawa ileile. Mwezi uliopita mkono ukalegea na haukurudi mpaka kesho yake, ndo akapigwa MRI ikaonekana kipande kidogo cha ubongo kimekosa damu, wakapiga na picha ya mishipa yenyewe, daktari akasema hii ni moyamoya pande zote mbili. Bibi yake aliposikia hilo jina akauliza "moyo wake umefanya nini tena?" na kusema ukweli hata mimi nilidhani ni moyo.

Sasa kila ninachosoma ni Japani, Korea, China. Kwetu hakuna mtu mwenye asili ya huko, si kwa baba si kwa mama. Tukachangishana hela, damu yake ikapelekwa kupimwa ile jeni inayohusishwa na huu ugonjwa, RNF213, majibu yamerudi yanasema ile kasoro yake inayoitwa R4810K hana. Na hapo ndo balaa limeanza, kuna mzee wetu mmoja ambaye akisema kitu ukoo mzima unasikiliza, kasema basi daktari kakosea, ugonjwa ni wa Waasia, jeni yenyewe mtoto hana, sasa kichwa kinapasuliwa cha nini? Dada yupo katikati, upasuaji umeshapangwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa mzima tu tangu kuzaliwa, hana ugonjwa mwingine, ana alama zake za kuzaliwa tu mwilini na miwani. Anao mdogo wake wa miaka minne pia, nawaza na huyo tumpime au vipi. Naombeni majibu ya mtu anayejua, si ya kunipa moyo tu.

---

Tabasamu80

Pole sana mjomba na mpe pole dada. Hilo la kumwambia aache maigizo usijibebeshe, nina rafiki ambaye mtoto wake alikuwa analegea hivyohivyo kila akipuliza filimbi shuleni na mwalimu, mama, daktari wa kwanza, wote walidhani ni woga. Ila naomba sana msiahirishe miadi kwa sababu ya karatasi ya jeni. Picha ya mishipa ndo inayosema ugonjwa upo, jeni inajaribu kusema umetoka wapi, hayo ni maswali mawili tofauti. Wengine watakueleza kwa undani, mimi nimewahi tu kusema hilo lisichelewe.

---

jeni_na_damu

Mkuu mjomba_mtu, nimefanya kazi maabara ya vinasaba kwa muda, ngoja niandike kirefu kidogo maana huyo mzee wenu hajasema uongo wote, kachukua kweli moja akaifikisha mahali isipofika.

Kwanza jina. Halihusiani na moyo. Ni neno la Kijapani la kitu chenye ukungu ukungu, kama wingu la moshi wa sigara linavyotanda hewani. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1957 na Takeuchi na Shimizu, halafu 1969 Suzuki na Takaku ndo wakautangazia ulimwengu kwa hilo jina. Kinachotokea ni hivi, ile mishipa mikubwa miwili inayopanda shingoni, karotidi, ikishaingia ndani ya fuvu ncha zake zinaanza kuziba taratibu, ukuta wa ndani unanenepa na njia inakuwa nyembamba. Ubongo ukikosa damu unahangaika, vimishipa vidogo vidogo vya chini ya ubongo vinatanuka na kuongezeka ili kujaribu kuokoa hali. Hivyo vimishipa ndo vinaonekana kwenye picha kama moshi. Kwa hiyo moshi wenyewe siyo ugonjwa, ni ubongo unajitafutia damu, na kwa kuwa ni vyembamba na dhaifu, kwa watu wazima vinaweza kupasuka na kuvuja.

Sasa jiografia. Ni kweli kabisa Asia Mashariki inaongoza. Japani wamekuwa wakihesabu wagonjwa nchi nzima, hesabu ya 1994 ilitoa wagonjwa kama 3.16 kwa kila watu laki moja, ya 2003 ikatoa 6.03. Sehemu ya hiyo nyongeza ni MRI kuenea na watu kugundulika mapema, ila hata hivyo Ulaya inakadiriwa kuwa kama sehemu moja ya kumi ya Japani. Hiyo ndo kweli ya mzee. Lakini sehemu moja ya kumi siyo sifuri jamani.

Jeni nayo ilikuja kujulikana 2011, timu mbili za Japani kila moja kwa njia yake zikafika kwenye jeni moja, RNF213, iliyopo kwenye kromosomu namba 17. Hii jeni inatengeneza protini kubwa mno, ina amino asidi, yaani yale matofali yanayojenga protini, zaidi ya 5,000 zimepangwa mstari mmoja. R4810K maana yake ukihesabu mpaka nafasi ya 4810, pale palipotakiwa kuwa na amino asidi ya arjinini kuna nyingine, laisini. Basi. Nafasi moja kati ya elfu tano na ushee. Wajapani ambao ugonjwa unatembea kwenye familia, karibu 95 kati ya 100 wanayo. Wakorea wagonjwa wengi pia wanayo. Ukienda China, kasoro ni ileile ila wagonjwa wenye nayo ni wachache zaidi, wengi hawana. Na wote hao watatu ukiangalia vipande vya DNA vinavyoizunguka vinafanana, kuonyesha ilitoka kwa babu mmoja wa zamani sana huko Asia Mashariki akaisambaza kwa uzao wake. Ulaya karibu hutaikuta kabisa. Wagonjwa wa asili ya Ulaya wamekutwa baadhi yao na kasoro nyingine, sehemu nyingine za jeni hiyohiyo ya RNF213, na wengine hawana kitu chochote kwenye hiyo jeni.

Unaona ilipo shida ya kipimo chenu? Kama maabara iliangalia R4810K peke yake, kwa mtoto asiye na asili ya huko hilo jibu la "hana" lilitarajiwa hata kabla ya damu kutolewa. Halijaondoa kitu. Soma karatasi vizuri uone wameandika walisoma jeni nzima au hiyo nafasi tu.

Na kuna hesabu moja mimi huwa nawaonyesha watu wanaodhani jeni ndo ugonjwa. Japani mtu mmoja mpaka wawili kati ya kila mia wanatembea na R4810K. Chukua moja tu. Katika watu laki moja hiyo ni watu elfu moja wenye kasoro, na wagonjwa katika hao laki moja ni sita. Hao mia tisa na tisini na kitu wengine wanaishi, wanazeeka, hawajui hata kama wanayo. Panya waliotolewa hiyo jeni kabisa maabara mishipa yao haikuziba yenyewe. Kwa hiyo hata huko kwenyewe jeni haitoshi, lazima kuna kitu cha pili kinaichokoza, na wanaotafuta hicho kitu wamegundua mambo ya kushangaza, kwa mfano 2021 ilionekana hii protini inashiriki kupambana na bakteria waliojificha ndani ya seli, kwa hiyo watu wameanza kuangalia upande wa maambukizi na kinga ya mwili.

Tofauti haziishii kwenye idadi. Japani wanawake ni kama mara mbili ya wanaume, Nanjing kule China walipohesabu wakakuta karibu nusu kwa nusu. Watu wazima wa Asia Mashariki wengi wanakuja na damu imevuja kichwani, Ulaya na Marekani kuvuja ni kuchache, wanakuja zaidi na kiharusi cha mshipa kuziba. Wenye R4810K nakala mbili, ya baba na ya mama, wanaumwa mapema utotoni na vikali. Jina ni moja, kilichouleta ni vitu vingi.

---

Kando_ya_Mto

Mimi swali dogo tu, hii ya kusema Japani ina wengi si kwa sababu ndo wanaoutafuta? Nchi yenye mashine za MRI kila kona na madaktari wanaoujua ugonjwa itapata wagonjwa, kwingine mtoto anaandikiwa kifafa kama huyu wa mjomba, imeisha hiyo.

---

jeni_na_damu

Swali zuri sana na kwa sehemu uko sahihi, huyu binti mwenyewe ni ushahidi. Njia nzuri ya kulijibu ni kuangalia watu wa asili tofauti wanaoishi sehemu moja na kutibiwa hospitali zilezile. Kuna utafiti ulichapishwa 2005 wa majimbo ya Washington na California kule Marekani, waliangalia kumbukumbu za waliolazwa. Kwa wote kwa ujumla walipata 0.086 kwa laki moja kwa mwaka. Walipogawa kwa asili, Wamarekani wenye asili ya Asia 0.28, Wamarekani weusi 0.13, weupe 0.06, wenye asili ya Amerika ya Kilatini 0.03. Kwa hiyo mashine zilezile, madaktari walewale, na bado waliotoka Asia ni zaidi ya mara nne ya weupe. Tofauti ni ya kweli, siyo ya vipimo tu.

Ila angalia hapo namba ya pili. Watu weusi ni zaidi ya mara mbili ya weupe na hao hawana R4810K. Hiyo namba huwa inarukwa sana watu wakisimulia huu ugonjwa.

---

mama_wa_shujaa

Hiyo namba ya pili mimi siwezi kuiruka, naombeni niseme. Mwanangu ana sikoseli, ana miaka kumi na mbili sasa hivi na ana moyamoya, nimekaa na haya mambo miaka sita.

Kwa watoto wa sikoseli zile chembe zenye umbo la mundu zinakwaruza ukuta wa mishipa kila siku, damu yenyewe ni chache kwa hiyo inakimbia kasi kichwani, miaka ikienda ncha za karotidi zinaziba na vile vimishipa vya moshi vinaota, picha inakuja ileile kama ya Mjapani. Madaktari wanatenganisha, ukiwa huna ugonjwa mwingine wanaita ugonjwa wa moyamoya, ukiwa umeletwa na sikoseli au kitu kingine wanaita sindromu ya moyamoya. Kwa mama anayeuguza kichwa ni kilekile lakini kwenye tiba kuna tofauti kubwa maana sisi tunatibu na damu pia, siyo mishipa tu.

Mwanangu alipopata kiharusi cha kwanza tuliambiwa ni sikoseli imefanya, tukaongezewa damu tukarudishwa nyumbani, hakuna aliyeangalia mishipa. Alikaa mwaka mzima hivyo mpaka cha pili. Ndo daktari mwingine akasema mtoto wa sikoseli mwenye kiharusi na akawa na hivi vimishipa vya moshi hatari ya kurudiwa ni zaidi ya maradufu ya asiye navyo. Sijawahi kulia kama siku hiyo, kwa sababu kuna kipimo cha Dopla cha kichwani, hakina sindano hakina mionzi, wanaweka kifaa tu kwenye panja wanasikiliza kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde mtoto yuko hatarini na tangu 1998 inajulikana kwamba kumuongezea damu kwa mpangilio kunapunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Tisini! Mwenye mtoto wa sikoseli anayesoma hapa, kuanzia miaka miwili muulizie hicho kipimo kila mwaka, uliza kwa jina lake.

Mjomba, mtoto wenu kapimwa sikoseli? Hata kama anaonekana mzima ulizeni. Ni kipimo kidogo sana.

---

nesi_tieta

Nafanya kazi chumba cha upasuaji, niongeze ya vitendo maana naona siku zinakwenda.

Kwa nini analegea akilia, mtu akilia kwa nguvu anapumua haraka haraka anatoa hewa ya kabondayoksaidi nyingi, ikipungua kwenye damu mishipa ya ubongo inajibana. Kwako wewe na mimi haina shida. Kwa mtoto ambaye mishipa yake imeshatanuka mpaka mwisho kutafuta damu, hicho kidogo kilichobaki kinakatika na mkono unalegea. Ndo maana filimbi, kupuliza maputo, kupuliza chakula cha moto, kukimbia mpaka kuhema, yote yanaweza kuleta. Kuanzia leo mpaka siku ya upasuaji jitahidini asilie kwa muda mrefu, mkimlea kama yai kwa wiki chache sawa tu, na ANYWE MAJI. Akiharisha au akitapika msisubiri nyumbani, apelekwe awekewe dripu, upungufu wa maji kwa hawa watoto ni kiharusi kinachosubiri. Hata siku ya kufunga kula kabla ya upasuaji ulizeni kama atalazwa usiku wake awekewe dripu, sehemu nyingi zinafanya hivyo.

Upasuaji wenyewe hauzibui mshipa ulioziba, huo haurudi. Wanachukua mshipa wa ngozi ya kichwa, ule unaousikia unadunda ukigusa panja, wanauelekeza ndani. Kuna njia ya kuuunga moja kwa moja na mshipa wa ubongo, na kuna njia ya kuulaza tu juu ya ubongo halafu ubongo wenyewe unaota mishipa mipya kuufuata. Kwa watoto hii ya pili inafanya vizuri sana kwa sababu mishipa yao ni midogo kuunganisha na wanaota haraka, ila siyo kesho yake, inachukua miezi. Kwa hiyo msishangae akitoka bado analegea mara moja moja, endeleeni na aspirini kama mlivyoandikiwa na maji na utulivu. Kwa watu wazima waliowahi kuvuja damu kuna utafiti wa Japani wa 2014, kwa miaka mitano waliovuja tena ni asilimia 11.9 kwa waliofanyiwa na 31.6 kwa wasiofanyiwa. Kwangu mimi hiyo inatosha kumweleza mzee.

Na hakuna hata siku moja nimeona daktari wa mishipa ameuliza majibu ya jeni kabla ya kushika kisu. Anauliza picha, anauliza presha, anauliza damu.

Swali langu kwako ni lingine. Umeandika ana alama za kuzaliwa na miwani ukapita. Hizo alama zikoje?

---

mjomba_mtu

Jamani asanteni, sikutegemea. Nimempigia dada nikamsomea yote. Karatasi ya maabara nimeiangalia tena na jeni_na_damu uko sahihi, imeandikwa kabisa wameangalia "R4810K" tu, hakuna pengine. Tulilipa kuangaliwa nafasi moja. Sikoseli alipimwa akiwa mdogo hana, dada ana cheti.

Alama ni madoa tu ya rangi ya kahawa, bapa, hayawashi, hayana nywele, alizaliwa na machache yakaongezeka. Tumbo, mgongo, paja. Bibi anasema ni alama za ukoo. Kwa nini unauliza?

Na la mdogo wake je, nimpime?

---

nesi_tieta

Mwambie dada usiku akimuogesha ayahesabu, yale yanayozidi milimita tano upana, yaani kama kichwa cha penseli kile cha ufutio. Aangalie na kwapani na kwenye kinena kama kuna vidoa vidogo vidogo kama madoadoa ya jua mahali ambapo jua halifiki. Halafu miwani ni ya nini, kuona mbali tu au jicho moja lina tatizo? Usiogope, hesabu kwanza.

---

jeni_na_damu

Nesi kawahi nilipokuwa naelekea. Kuna ugonjwa unaitwa nyurofibromatosisi aina ya kwanza, kwa kifupi NF1, jeni yake nayo iko kromosomu 17 lakini ni jeni nyingine kabisa mbali na RNF213. Huo haujali bara wala asili, unakutwa kila mahali duniani, kama mtu mmoja kati ya kila elfu tatu hivi, na karibu nusu yao wazazi hawana, kasoro imeanza na mtoto mwenyewe. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, madoa sita au zaidi ya huo ukubwa ni dalili mojawapo, ila peke yake hayatoshi kusema anao, lazima na kingine, mfano hivyo vidoa vya kwapani, au vinundu kwenye lile duara la rangi linalozunguka mboni ya jicho vinavyoonekana kwa mashine ya daktari wa macho, au uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Na wachache wenye NF1 mishipa ya ubongo inaziba mfano wa moyamoya, hasa waliowahi kupigwa mionzi kwa ajili ya huo uvimbe wa jicho, ila hata wasiopigwa. Watoto wenye sindromu ya Down nao wanaweza kuipata. Kuna familia nyingine ina kasoro kwenye jeni ya ACTA2, hao mboni zinakaa zimepanuka hazijibani kwenye mwanga. Kwa hiyo mtu akiwa na moyamoya na hana asili ya Asia Mashariki, kabla ya kukimbilia RNF213 muangalie kwanza ngozi, macho, sura, damu. Hivyo ni bure au karibu na bure.

Kuhusu mdogo wake. Hata Japani kwenye R4810K nyingi, wenye ndugu mgonjwa ni kama 10 mpaka 15 kati ya mia, na wapo mapacha wa kufanana kabisa ambao mmoja kaumwa mwenzie mzima. Kwa hiyo usimpime jeni ambayo hata dada yake hana, haina maana. Kama ana dalili yoyote, kuumwa kichwa asubuhi na kutapika, kulegea, kuongea kwa shida, kutikisika mkono mmoja, apigwe picha ya mishipa haraka. Kama hana dalili, subiri kwanza mjue ya dada yake yametoka wapi, ndo swali la mdogo litapata jibu lake. Ikija kuwa ni NF1, mdogo na wazazi wote wataangaliwa ngozi na macho, hawataanza na kichwa.

---

mama_wa_shujaa

Naomba kuuliza jeni_na_damu, kwa hiyo mwanangu wa sikoseli nimpime RNF213?

---

jeni_na_damu

Kwa maoni yangu hapana mama, wewe sababu unaijua tayari, hiyo hela iweke kwenye ile dawa ya sikoseli, hidroksiurea, na Dopla na nauli ya kliniki. Umepambana sana, Mungu amlinde.

---

mjomba_mtu

Nimerudi. Dada kahesabu mara mbili na mara ya pili nilikuwepo. Kumi na moja yanayozidi huo ukubwa. Kwapani vidoa vipo pande zote mbili, vidogo sana, tulikuwa tunavipaka mafuta tukidhani ni joto. Miwani ni ya jicho la kushoto, aliandikiwa akiwa na miaka mitano, hatukuambiwa zaidi na hatukuuliza.

Baba yake tumemvua shati naye, hana hata moja. Dada ana mawili tu.

Leo asubuhi tumekwenda kwa daktari wa upasuaji na hiyo hesabu imeandikwa kwenye daftari. Hakutukatisha, alimwangalia mtoto mwenyewe kuanzia shingoni mpaka miguuni, akarudi kwenye picha za MRI akatafuta mishipa ya macho, akasema upande wa kushoto kuna unene ambao anataka mtu wa macho na mtu wa mishipa ya fahamu wauone. Miadi ya macho ni keshokutwa. Nikamuuliza sasa upasuaji tusubiri? Akasema hapana, karotidi zimebana vilevile hata sababu iwe ipi, tarehe inabaki palepale, tutalazwa siku moja kabla kwa ajili ya dripu kama nesi alivyosema.

Mzee nimemwambia kwa simu. Alinyamaza muda, halafu akauliza hayo madoa kumi na moja ni yapi, akasema lile la pajani yeye ndo aliliona kwanza, siku ya tatu tangu azaliwe, alipokuja kumpa jina. Anakuja kulala na mtoto hospitali.